Pembea Tupu na Pilau ya Idi

“Atakaye pembea tupu hula pilau baridi.” Ndivyo alivyowajibu yule muuza tiketi jana, mlipomuuliza mje saa ngapi viwanja vya Idi msisote kwenye foleni. Mmerudi mnacheka, mnadhani kijana wa watu alikuwa na njaa. Haya, wekeni simu chini mnisikilize. Msemo huo mnaousikia Tanga nzima ulizaliwa ndani ya nyumba hii, na chanzo chake nakijua kwa sababu nilikuwapo.

Marehemu kaka yangu Mbwana alioa mwanamke mpole aitwaye Mwantumu. Wakajaliwa binti mmoja, Zuwena, naye alizaliwa na sikoseli. Mnaujua ugonjwa huo. Jua kali, kiu au kusimama sana humwamshia mtoto maumivu ya mifupa, na yakianza hamjui yatawafikisha wapi. Mama yake aliishi roho mkononi.

Idi moja walimpeleka kwenye ile pembea kubwa ya duara, inayopandisha watu juu hadi waone mapaa ya mji. Walikwenda alasiri, kama watu wote. Foleni ilizunguka uwanja, kila mtu na wanawe. Zuwena alisimama, akasogea, akasimama tena. Walipokaribia mlango alimshika mama yake kanga akasema, “Mama, miguu.” Pembea hakuipanda. Idi ile aliimalizia hospitali, na aliporudi nyumbani hakuitaja pembea tena. Mtoto akililia kitu, utambembeleza. Huyu alinyamaza, na ukimya ule ulimtafuna Mwantumu kuliko kilio.

Basi Idi iliyofuata, aliyoruhusiwa kwenda kuila kwa wazazi wake, Mwantumu alikwenda uwanjani peke yake, akakaa pembeni kutwa nzima akiangalia watu wanavyokuja na kuondoka. Akagundua jambo ambalo sote tulikuwa tunalijua bila kulifikiria. Baada ya sala ya adhuhuri, harufu ya pilau ikishatanda mitaani, uwanja unabaki na mbuzi. Hakuna anayekubali kuwa mbali na sinia saa ile.

Ugumu ulikuwa hapa nyumbani. Mama yetu, Bi Pili, alikuwa mkali wa mila. Siku ya Idi ukoo wote hukusanyika kwake, na mkaza mwana ndiye anayenawisha watu mikono. Kuinuka kabla ya kula ilikuwa sawa na kumtukana.

Idi nyingine ilipofika, Mwantumu alitenga sinia, akanawisha watu, kisha akabaki amesimama na birika mkononi.

“Mama, naomba ruhusa,” alisema. “Nataka kumpeleka Zuwena kwenye pembea.”

“Sasa hivi? Chakula kinafuka moshi?”

“Sasa hivi ndipo hakuna watu, mama. Wakishakula, mtoto hataweza kusimama.”

Bi Pili aliwatazama ndugu zake waliokuja kutoka Pangani. “Ukitoka kwenye mlango huo, umenivua nguo mbele ya wageni.”

Kaka yangu aliinamia wali kama anahesabu punje. Mwantumu aliweka birika chini, akamfunga binti yake mtandio, akasema, “Nisamehe, mama.” Wakatoka. Bi Pili akanigeukia mimi. “Wafuate. Mtoto asije akaanguka njiani.”

Kweli uwanja ulikuwa mtupu. Zuwena alianza kucheka kabla hatujafika. Lakini fundi wa pembea, aliyekuwa amejilaza kivulini, alitikisa kichwa.

“Dada, pembea hii haizunguki na mtu mmoja. Inataka uzito pande zote, la sivyo inaelemea upande. Subirini watu waje.”

“Watu wakija, sisi ndio tutashindwa,” Mwantumu alisema. Tulimketisha mtoto kivulini, mama yake akawa anampa maji kwa vifuniko vya chupa huku akitazama barabara. Watu aliowakimbia ndio hao hao aliokuwa anawahitaji. Nami kwa mbali nilishasikia watoto wa mtaa wa pili wakiitana, wamemaliza kula.

Nikakimbia nyumbani. Niliingia ninahema, nikasema, “Mama, pembea haiendi bila watu. Mtoto amekaa chini anaingoja.”

Mikono yote ilikuwa imesimama juu ya sinia, maana Bi Pili mwenyewe alikuwa hajagusa. Nilidhani ananitayarishia matusi. Akachukua kawa, akalifunika sinia, akasimama.

“Bebeni,” alisema. “Na nyie wa Pangani, mna uzito wa kutosha. Twendeni.”

Ukoo mzima ukashika njia nyuma ya sinia. Fundi alitupanga, wanene huku, wembamba kule, na Bi Pili akawekwa na Zuwena. Pembea ilipoinuka, mama yetu alifumba macho akaanza kusoma dua kwa sauti. Zuwena alimshika mkono. “Fumbua, bibi, paa letu lile pale.” Mwantumu alibaki chini. Alisema alitaka kumwona akiwa juu, na alilia waziwazi, hakujificha kwa mtu.

Tulipoteremka, lango lilikuwa limefurika na foleni ishaanza kujikunja. Tukakaa kwenye majani, tukafunua kawa. Mafuta yalikuwa yameganda ukingoni mwa sinia. Jirani yetu Bi Mgeni, amesimama juani na wajukuu wanaolia, alituona akaguna.

“Bi Pili, wewe wa kula pilau iliyopoa uwanjani? Na mmepandaje mapema hivi?”

Mama alimega tonge la kwanza akalitia mkononi mwa Mwantumu, mbele ya wageni wake wote. Kisha akamjibu jirani.

Usiku ule Mwantumu alikesha akisikiliza pumzi za mtoto, na mama yetu alikesha naye. Zuwena alilala mpaka alfajiri, hakuita hata mara moja. Kesho mkitaka uwanja usio na watu, nendeni wenzenu wakila, na msinung'unike mkirudi. Bi Pili alishasema: atakaye pembea tupu hula pilau baridi.