Mkuyu Uliogongwa Mara Tatu

Nisimulie au ninyamaze?

(Simulia, tupo macho.)

Na atakayeogopa?

(Atamshika mwenzake.)

Zamani sana, wanyama walipokuwa bado wakipika, palikuwa na nchi iliyofunikwa na moshi. Jua lilichomoza jekundu, likazama jekundu, na mchana kutwa lilionekana kama jicho la mgonjwa.

Moshi ulitoka kwenye matanuri ya Fisi, mchoma mkaa. Nchi hiyo ilikuwa na desturi yake: mti haukatwi bila kuombwa ruhusa. Fisi aligonga shina mara tatu, na kila mara akauliza, "Mti, unakubali?" Mti ukinyamaza, umekubali. Miti yote ilinyamaza. Yote ikakatwa.

Ukabaki mkuyu mmoja, penye chemchemi ya mwisho. Ndani ya uwazi wa shina lake aliishi Chausiku, binti Komba, na mama yake na wadogo zake. Fisi akatangaza: mwezi ukiandama, mkuyu utagongwa.

Chausiku akamwendea. "Shikamoo, babu. Mkuyu ukikatwa, chemchemi itakauka, nasi hatutakuwa na pa kulala."

"Marahaba. Na sisi tutapikia nini, mjukuu wangu? Hayo macho yako?"

Wazee waliokaa naye wakacheka, wakakohoa, wakacheka tena.

"Nikileta moto mwingine?"

"Ulete. Lakini mwezi haukungoji."

Kwenye kinamasi kulikuwa na moto wa buluu, usio na kuni wala moshi. Wazee waliuita moto wa marehemu, na hakuna aliyeusogelea. Jioni moja, ukungu ulipotanda, Chausiku akaenda na rafiki yake Digidigi.

Mara ya kwanza walipousogelea, moto ulirudi nyuma.

Mara ya pili, moto ulimwita Chausiku kwa jina, kwa sauti ya bibi yake aliyekufa. Wakakimbia.

Mara ya tatu hawakukimbia.

"Ukikuita tena?" akanong'ona Digidigi.

"Sitajibu. Nitatazama tu."

Wakalala kifudifudi, wakatazama. Chini ya tope, majani yaliyooza yalitoa mapovu. Kila povu lilipopasuka, moto ulipanda.

"Ni uozo unaopumua," akasema Chausiku.

"Na sauti ya bibi yako?"

"Hiyo sijui."

Wakawakusanya vijana wenzao. Wakachimba shimo karibu na mkuyu, wakalijaza samadi ya Nyati na maji, wakalifunika kwa ngozi, wakachomeka mwanzi mrefu. Wazee wakapita wameziba pua. "Vijana wa siku hizi wanapika mavi."

Pumzi ikavuja pembeni. Wakaziba kwa udongo wa kichuguu, wakangoja. Ngozi ikaanza kuvimba taratibu, kama tumbo la aliyelala.

Mwezi ukaandama. Fisi akaja na shoka, na nchi nzima nyuma yake.

Akagonga. "Mti, unakubali?" Kimya.

Akagonga. "Mti, unakubali?" Kimya.

Akagonga mara ya tatu. Kutoka ndani ya shina, kitu nacho kikagonga. Ko. Ko. Ko.

"Hao ni komba," akasema Fisi.

"Sisi tuko hapa, babu." Chausiku alikuwa kando ya shimo, na mama yake na wadogo zake wote walikuwa naye.

Fisi akaingiza kichwa kwenye uwazi wa mti. Akakaa hivyo kitambo. Alipokitoa alikuwa anacheka, na hakuweza kuacha. Akaondoka akicheka, shoka akaliacha chini.

Mzee Nyani akalitazama shoka. "Watoto lazima wale," akasema polepole, akainama kuliokota.

Chausiku akasogeza kaa la moto kwenye ncha ya mwanzi. Ukawaka moto wa buluu, mdogo, bila moshi. Mama yake akateleka chungu cha maharage. Wanyama wakatazama shina, wakatazama chungu. Maharage yakachemka.

Nyani akanyoosha mgongo, mikono mitupu. "Mjukuu wangu," akasema, "nifundishe kuchimba."

Mkuyu haukukatwa. Tangu siku hiyo Fisi hucheka peke yake, na hakuna anayemuuliza alichokiona.

Funzo ni hili: kunyamaza si kukubali. Na kijana akitafuta njia nyingine, msaidieni kuchimba mapema, msingoje mti ubaki mmoja.

Ngano yangu imefika mlangoni. Mwenye hofu aende na mwenzake, mimi nimenyamaza.