Pikipiki Iliyochaguliwa na Watu Wote

Leo nataka kuwapa kijana mmoja mwende naye nyumbani. Jina simtaji. Ukiona anafanana na mwanao, hilo ni shauri lako na mwanao, usije kunisubiri mlangoni baada ya ibada.

Kijana huyu alizaliwa huko milimani, kwenye baridi na miti ya mbao. Mwaka aliozaliwa, baba yake alipanda misindano kwenye kipande cha mteremko, akasema hii ni ya mtoto, itakatwa siku atakapoanza maisha. Baba akafariki mtoto akiwa darasa la tatu. Misindano ikaendelea kukua, maana mti haujui kama aliyeupanda bado yupo.

Alipotimiza miaka kumi na minane, akapata nafasi kwenye chuo cha ufundi mjini, kusomea umeme. Mji wenyewe uko ng'ambo ya mabonde mawili. Basi hupita kijijini kwao mara moja tu, asubuhi, na hurudi kesho yake. Kuhamia mjini asingeweza, kwa sababu ya mama. Mama yake nyonga ilikuwa mbovu, maji hawezi kuteka, kuni hawezi kubeba, na mtoto mwingine hana. Kwa hiyo ilikuwa lazima kijana aende kila siku na arudi kila siku kabla giza halijaingia. Miti ikakatwa, ikauzwa, ikatosha pikipiki moja. Moja, ndugu zangu. Misindano mingine ingehitaji miaka kumi na minane mingine. Akikosea pikipiki, chuo hakuna.

Basi anunue ipi? Hapo ndipo kichwa chake kilipoanza kuvurugika.

Alianza kwa adabu kama alivyolelewa. Alikwenda kwa mjomba wake, kaka wa mama, maana kwao jambo kubwa haliendi mpaka mjomba ameketi. Mjomba alikuwa mtu wa viazi. Akamwambia anunue pikipiki nzito, yenye keria la chuma, kwa sababu pikipiki isiyobeba magunia mawili ni baiskeli yenye kelele. Kijana akashukuru. Njiani akakutana na rafiki yake wa kijiwe cha bodaboda, naye akacheka sana. Nzito ni za wazee, alisema, wewe chukua ile ndefu, yenye injini kubwa, inayoruka makorongo. Ukipita nayo hata mbwa wananyamaza. Kijana akaona na hilo nalo lina maana.

Kesho yake akaitwa na mama mmoja wa kwaya. Huyo alikuwa na pikipiki ya marehemu kaka yake, mwinjilisti, imefunikwa turubai miaka minne. Akamwambia chombo kile kimetulia, hakijawahi kuegeshwa baa hata siku moja. Kijana akauliza kama inawaka. Mama akasema itawaka, ikiombewa.

Akaenda hata kwa mchungaji wake. Mchungaji akafikiri, akashika kidevu, akasema cha muhimu isiwe nyekundu. Msicheke. Sisi watumishi tukiulizwa jambo tusilolijua, tunaona aibu kusema hatujui.

Na mama mzazi je? Kila alipoulizwa alijibu vilevile, kwamba mwanangu wasikilize wakubwa. Moyoni alikuwa anaogopa pikipiki za aina zote, lakini hakutaka hofu yake iwe ndiyo iliyomfungia mtoto njia.

Mwezi mzima kijana akawa hivyo. Anaandika kwenye karatasi: nzito, ndefu, ya marehemu, isiyo nyekundu. Asubuhi anakata moja, jioni anairudisha. Akikaa kando ya barabara kuangalia pikipiki zinazopita, kila moja anaiona ndiyo yenyewe, mpaka ipite inayofuata. Aliomba pia, sana tu. Lakini kila alipofumba macho alisikia sauti ya mjomba ikieleza habari za magunia. Akaanza kukiogopa kitu alichokuwa anakitamani tangu utotoni. Mnaijua hali hiyo? Una washauri watano, na ushauri huna hata mmoja. Aliyekosa mtu wa kumuuliza walau anajua kwamba hajui. Huyu hata hilo hakuwa na hakika nalo.

Siku ya kununua ikafika. Mjomba akaja na watu watatu, akasema penye wengi hapaharibiki neno. Na kweli, njiani walikuwa wameshapatana. Ingenunuliwa moja yenye injini kubwa, ili rafiki aridhike. Ifungwe keria la chuma, ili mjomba aridhike. Iwe nyeusi, kwa ajili ya mchungaji. Mama wa kwaya ndiye aliyekosa, akaahidiwa kwamba atapewa nafasi ya kutoa neno siku ya kuibariki.

Pale dukani palikuwa na fundi, mwanamke, ndiye anayeziunga pikipiki zinapotoka kwenye maboksi. Alimwambia kijana aikalie kwanza ile kubwa. Kijana akapanda. Fundi akachutama, akaangalia viatu vyake. Ncha za vidole tu ndizo zilizogusa sakafu, visigino vilikuwa hewani.

"Mdogo wangu," fundi akasema, "hapo kwenda utakwenda. Kusimama je?"

Kijana akashuka. Fundi akamvutia nyingine iliyokuwa pembeni, ndogo, nyembamba, bei yake ya chini. Akaikalia. Nyayo zote mbili zikatua chini. Akaiinamisha kushoto, akaiinamisha kulia, haikumshinda. Kwa mara ya kwanza tangu misindano ikatwe, kichwa chake kikatulia, na alitulia kiasi kwamba aliogopa.

Mjomba akasema ile ni ya mwalimu wa chekechea. Akasema kijana bado anakua, ataifikia. Fundi akajibu kwa upole kwamba mtu wa miaka kumi na minane miguu yake imeshakaribia kumaliza kazi ya kukua. Hapo mjomba akamuuliza yeye ni nani katika ukoo huu. Fundi akarudi kwenye spana zake.

Kijana akaangalia ile ndogo. Akamwangalia mjomba. Alikuwa na maneno mafupi tu ya kusema, "Mjomba, naomba hii," na yalifika mpaka kwenye meno. Lakini huyu ndiye aliyesimama mahali pa baba yake siku ya mazishi. Ndiye aliyeleta unga ule mwaka wa njaa. Unamwambiaje mtu kama huyo hapana, mbele ya watu, kwa ajili ya visigino? Akasema, "Sawa, mjomba." Akatoka pale akiona amefanya vizuri na amefanya vibaya, vyote kwa pamoja, asijue akiamini kipi.

Jumapili wakaipeleka kanisani. Huko kwao chombo kipya hakitumiki kabla hakijabarikiwa mbele ya usharika, nje, baada ya ibada, wakati mnada wa sadaka unaendelea. Kuku wakauzwa, maboga yakauzwa, kisha pikipiki ikaletwa katikati. Mchungaji akaomba. Mama wa kwaya akatoa neno, refu. Halafu mtu mmoja akasema ampakie mama yake, wazunguke kanisa mara moja, watu waone.

Mama hakutaka. Lakini watu wamekusanyika, wamefurahi, utakataaje? Akaletewa kiti, akapandishwa. Uwanja wa kanisa lile una mteremko kuelekea barabarani. Kijana akaondoka taratibu, na usharika ukaondoka pamoja naye, kila mmoja na lake. Tia gia ya pili. Usitie. Shika breki ya nyuma. Achia klachi. Angalia kuku. Kijana alikuwa mtoto msikivu. Alijaribu kuwasikiliza wote. Katikati ya mteremko akasimama ili aelewe anaambiwa nini, akashusha mguu wa kushoto kutafuta ardhi, na ardhi haikuwepo.

Haikuwa kwenye mwendo, ndugu zangu. Ilikuwa imesimama. Ikalala upande, taratibu kabisa, na chuma chote kile kikaja juu ya mguu wa mama yake.

Kijana akainuka, akashika usukani, akavuta. Haikwenda. Akashika keria, akavuta. Haikwenda. Na usharika? Usharika ulikuwa umemzunguka. Mmoja akasema azime injini kwanza. Mwingine akasema asivute mbele, avute nyuma. Mjomba akasema ainue kwa magoti, asitumie mgongo. Mama wa kwaya akaanza kukemea mapepo. Watu arobaini, mikono themanini, na hakuna aliyeinama. Kijana alikuwa analia na kusema, "Nisaidieni," nao wakamjibu namna ya kufanya.

Aliyesema neno la maana alikuwa mama mwenyewe, kutoka chini ya pikipiki. Mama ambaye maisha yake yote hakuwahi kuwapandishia wakubwa sauti.

"Nyamazeni," alisema. "Shikeni."

Wakanyamaza. Wakashika. Pikipiki ikanyanyuka kama kikapu kitupu.

Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti. Sasa mimi mfano huu umenisumbua wiki nzima, na niwaambie kwa nini. Tangu tukiwa wadogo tumefundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alisikia. Alisikia la mkuu, na la rafiki, na la kwaya, na la mchungaji. Guu likavunjika, tena si lake, la mama yake. Tufanyeje na hilo? Tuwaambie vijana wasisikie wakubwa? Siwezi kusema hivyo, na sitasema. Nilikaa nalo Jumatatu, nikakaa nalo Jumanne, nikachanganyikiwa kama yule kijana na karatasi yake.

Ngoja nimalizie kilichotokea, labda mtanisaidia. Kesho yake mjomba alimkuta kijana amekaa kwenye benchi, kwenye baraza ya hospitali. Akaketi kando yake. Alikaa muda mrefu bila kusema kitu, na kwa mtu yule hiyo ilikuwa kazi ngumu. Kisha akauliza, polepole, kama mtu anayeuliza njia kwenye nchi ya ugenini.

"Mpwa wangu, hivi hiyo pikipiki ulikuwa unataka kwenda nayo wapi?"

"Chuoni, mjomba."

"Na mizigo gani?"

"Sina mzigo. Mimi na mkoba wangu. Kwenda na kurudi, ili mama asilale peke yake."

Mjomba akavua kofia, akaishika magotini. Alimfahamu kijana huyu tangu siku aliyozaliwa. Alikuwa amemshauri mwezi mzima, amempeleka dukani, amegombana na fundi kwa ajili yake. Na alikuwa anamsikia leo kwa mara ya kwanza.

Mnaona? Hakuna aliyemuuliza. Kila mtu alimnunulia kijana pikipiki ya safari yake mwenyewe. Mjomba alinunua ya kwenda na viazi mnadani. Rafiki alinunua ya kupita nayo mbele ya wasichana. Mama wa kwaya alikuwa anataka mtu wa kumbeba marehemu kaka yake asisahaulike, na wala simlaumu, huzuni ni huzuni. Wote walimpenda. Hakuna hata mmoja aliyemtakia mabaya. Ila walipima pikipiki kwa miguu yao, halafu wakampandisha mwingine.

Ile kubwa ikarudishwa, kwa hasara, ikachukuliwa ile ndogo. Na mpaka mama aliposimama tena, mama wa kwaya aliteka maji na mjomba akalala pale nyumbani siku kijana anapochelewa. Nasikia siku hizi mjomba ni mtu mkimya kidogo. Kidogo tu.

Na sisi je? Sisi tuliokaa hapa, tunaojua kozi gani mtoto wa jirani asome, binti wa nani aolewe na nani, mjane auze shamba au asiuze? Bwana wetu alipoletewa kipofu, kila mtu aliona ni kipofu, naye bado alimuuliza kwanza anataka afanyiwe nini. Yeye aliyejua yote aliuliza. Sisi tusiojua tunajibu. Vijana wetu si wakaidi kama tunavyowasema. Wengine wanatii, wanatii mpaka wanaangukia watu wanaowapenda, na sisi tumesimama pembeni tunawaeleza namna ya kuinua.

Kusikia la mkuu ni agizo jema. Lakini mkuu naye ana wajibu wa kusikia kabla hajasema, na mikono yake ije kabla ya mdomo wake. Hilo ndilo nililolipata, na nililipata Ijumaa, kwa shida.

Vijana wenu wako humu. Najua, nawaona, wale wa nyuma wanaojifanya wanatafuta namba ya wimbo. Mzazi, mjomba, shangazi, mwanakwaya, geuka ulipo. Muulize mmoja wao anataka kwenda wapi. Swali hilo tu. Kisha ufunge mdomo mpaka amalize, hata kama anachosema kinakutisha. Nimewapa dakika tano, na katika dakika hizo mchungaji wenu hatasema kitu.