Kitovu cha Bwana Msajili

Ndugu zangu, katika visiwa fulani, ambavyo msijisumbue kuvitafuta kwenye ramani, serikali iligundua siku moja kwamba nchi haina utambulisho. Watu walikuwapo. Misikiti ilikuwapo, tena imejaa, na mtaa wa pili kulikuwa na kanisa la Wamakonde na hekalu la Wahindi, na Wangazija wakibishana na kila mtu. Lakini hayo yote hayakuhesabika. Wakubwa wakakaa hotelini, wakanywa chai, wakala sambusa, wakatoka na Tume ya Wenyeji.

Tume ikaweka sharti ambalo hata bibi zetu wangelikubali: mwenyeji ni yule ambaye kitovu chake kimezikwa katika ardhi ya visiwa, naye amlete shahidi aliyekizika. Bwana msajili wa tume, kijana hodari wa kanzu iliyonyooka, akaona sharti lina tundu. Je, mgeni akimshuhudia mgeni mwenzake? Akaongeza kipengele chake mwenyewe: shahidi naye awe mwenyeji, tena Muislamu. Wakubwa wakampigia makofi. Alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyeiokoa nchi kwa sentensi moja.

Asubuhi moja akaingia ofisini bibi mmoja mkunga, Mmakonde, Mkristo. Alivuka kutoka bara akiwa msichana, akauzalisha mji ule mpaka mgongo ukapinda. Na kwa desturi ya pale, mkunga ndiye anayezika kitovu. Mama yuko kitandani hajiwezi, na baba yuko barazani anapokea hongera kana kwamba kazi ameifanya yeye.

"Bibi, kitovu chako kimezikwa wapi?"

"Kwetu bara, mwanangu. Na aliyekizika kashakufa."

"Basi wewe si mwenyeji."

"Lakini vyenu nimevizika mimi."

"Kuzika si kuzikiwa, bibi. Anayefuata."

Foleni ikacheka kidogo. Na nani walikuwa kwenye foleni ile? Watu aliowapokea bibi kwa mikono yake. Bibi akageuka akawatazama, nao wakatazama viatu vyao. Mwanamke mmoja alifungua kinywa, mumewe akamfinya. "Nyamaza, tutapoteza nafasi."

Bibi akafunga virago, akapanda boti, akaenda kukaa kwa mtoto wa dada yake huko bara, ambako nako alishakuwa mgeni.

Sasa, serikali haijui kushiba. Likaja agizo kwamba na watumishi wa tume wahakikiwe. Msajili akakikalia kile kiti cha kuulizwa, na ndipo alipogundua kwamba kina mguu mmoja mfupi.

"Kitovu chako?" akauliza mwenyekiti.

"Hapa hapa mjini, mheshimiwa. Uani kwetu."

"Shahidi?"

Mama yake alikuwa kaburini. Hakuwa na mwingine ila yule mkunga, akatumaini tume itamfumbia macho. Akafunga safari ya bara, na njia nzima alijiandaa kupokea matusi, maana matusi angeyaweza. Bibi akampa uji. Akamuuliza kwa nini amekonda. Kisha akajitanda khanga yake, wakafuatana.

Mbele ya tume, bibi akasema: "Huyu alitanguliza miguu, tulidhani hatutampata. Kitovu chake nilikizika chini ya mlimau, upande wa jikoni. Mvua ilikuwa inanyesha na jembe lilikuwa limeazimwa, nikachimba kwa upawa."

Mwenyekiti akakohoa. Hata yeye bibi alimjua tangu hajaoga mara ya kwanza, ila siku hiyo hawakujuana.

"Ushahidi ni mzuri mno, bibi. Tatizo ni shahidi. Si mwenyeji, wala si Muislamu." Akamgeukia msajili. "Kipengele hicho alikiweka nani?"

"Mimi, mheshimiwa."

"Basi hatuna haja ya kukufafanulia."

Bibi akawatazama mmoja mmoja. "Kwa hiyo mtoto huyu hana kwao?"

Mwenyekiti akafunga faili.

"Haya. Nitaondoka naye mimi," akasema. "Si mara ya kwanza kumpokea."

Mnamcheka msajili. Mcheni, hakuna neno. Lakini mimi sikusimama hapa kumsema yeye, maana wasajili hawaadimiki. Nimesimama kuisema ile foleni. Foleni ile ni sisi. Sisi ndio tunaosema nchi hii ni ya Waislamu, kana kwamba Mwenyezi Mungu alitukatia hati ya kiwanja, kisha uchungu ukimshika mke usiku tunakimbilia mlango wa nani? Ulipozaliwa, ndugu yangu, uliuuliza mkono uliokupokea dini yake? Hukuwa na meno ya kuulizia. Yalipoota, tukayatumia kuuma.

Ukweli tuliujua. Tukainamisha vichwa tusije tukapoteza nafasi. Haya, nafasi hatukuipoteza. Tuliyempoteza ni mtu.

Simameni sasa tunyooshe safu. Na huyo aliye ubavuni mwako, kabla hujamuuliza kwao ni wapi, jiulize kwanza: wewe ungeshuhudiwa na nani?