Beseni la Mchungaji Tausi

Paukwa!

Pakawa.

Hiyo pakawa yenu imelala, ninyi mlioshiba ugali. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Basi hapo zamani za kale, zamani ambazo hata bibi yake bibi yangu alizikuta zimeshapita, wanyama walikuwa na kanisa lao bondeni. Lilikuwa kanisa la nyasi, lenye kwaya, lenye kikapu cha sadaka, na lenye beseni.

Beseni hilo lilikuwa na kazi yake. Kila walipotaka kushiriki Meza ya Bwana, walitawadhana miguu kwanza, na mchungaji ndiye aliyeanza. Alijifunga taulo kiunoni, akapiga magoti, akashika mguu wa huyu, akashika mguu wa yule. Na kwa kuwa bondeni kulikuwa na vumbi, na penye vumbi hapakosi funza, aliyekushika mguu alimwona funza wako. Alichukua mwiba, akamtoa, ibada ikaendelea. Hakuna aliyejua kwamba ile ilikuwa dawa. Walijua tu ni desturi.

Mchungaji wao mzee, Punda, alipofariki, wakamchagua Tausi. Sauti hana, hilo mnalijua, lakini umbo analo. Wanyama ni kama sisi, huchagua kwa macho.

Sasa Tausi alikuwa na aibu yake moja. Mungu alimpamba kote, ila alipofika miguuni, sijui rangi zilikwisha. Miguu ya Tausi ilikuwa mibaya, ya kukwaruza, na mwenyewe alijua. Kwa hiyo alivaa joho refu la kufagia chini, na hakupenda kabisa kuinama karibu na miguu ya wenzake, asije mtu akaiulizia na ya kwake.

Ilipofika Meza ya Bwana ya kwanza, Tausi alimchagua Swala peke yake, ambaye alikuwa ametoka kuoga mtoni. Akamnyunyizia matone mawili kwa ncha ya bawa, akasema imetosha. Waumini wakasema bado mgeni huyu, atazoea.

Ilipofika ya pili, Tausi alikuwa ameshakuwa Askofu. Nani alimpa uaskofu? Alisafiri, akarudi nao. Akatangaza kwamba askofu ana mgongo, hawezi kuinama, kazi hiyo ataifanya Shemasi Bata. Bata naye, kuona mkubwa wake ana mgongo, akapata mgongo.

Ilipofika ya tatu, Tausi alikuwa Mtume Mkuu. Akajengewa jukwaa, na juu ya jukwaa kiti, na kiti kikawa kirefu hata kukipanda ni shida. Akatazama huku, akatazama huko, akaliona beseni. Akaagiza lifudikizwe miguuni pa kiti, liwe ngazi yake. Nani angethubutu kuliulizia tena?

Basi funza wakafurahi. Wakaingia miguuni mwa wakubwa, wakaingia miguuni mwa wadogo, wakazaa, wakajukuu. Na funza anawasha, asikwambie mtu. Jumapili kwaya ilipoimba, huyu anasugua mguu sakafuni, yule anakanyaga kwa kishindo, mwingine anaruka juu kwa mwasho.

Kule juu kitini Tausi aliona vichwa tu, vinapanda na kushuka. Akafurahi sana. Akasema kanisa leo limewaka moto, akawaambia wapendwa waruke zaidi. Nao wakaruka. Mtu akiambiwa aruke na kiongozi wake huruka, hata kama analia.

Kiangazi kikaingia. Nyasi zikaisha bondeni, ikabidi Jumatatu asubuhi wote wahame, wavuke mlima kwenda kwenye maji. Fisi akapata habari. Akaja akaketi mlimani, akawatazama wanavyotoka kanisani, huyu anachechemea, yule anaburuta. Akajilamba. Fisi hakuwa na haraka, maana alijua atakayebaki nyuma ni wake.

Aliyeumia kuliko wote alikuwa mwanakondoo mmoja, jina lake Tulizo. Huyo hata kusimama alishindwa. Mama yake, Mama Kondoo, akambeba mgongoni Jumapili ya mwisho kabla ya kuhama, hadi mbele ya jukwaa. Bata akamzuia, akamwambia Mtume haonwi bila miadi. Mama Kondoo akampita kama hakumsikia.

Tausi alinyoosha bawa kutoka kule kule juu, akaomba sala ndefu yenye maneno makubwa. Akamaliza, akasema mtoto amepokea, aachwe aruke. Tulizo akajaribu kuruka, maskini, akaanguka kifudifudi.

Mama Kondoo akainua uso.

"Baba Mchungaji," alisema, "mwanangu haruki, anaumwa. Na hawa wote unaowaona wanaruka, wanaumwa. Kesho tunahama, na Fisi yuko pale mlimani anamngoja mtoto huyu. Shuka umshike mguu."

Tausi akafumbua mdomo amwite Bata, kisha akaufumba. Maana niwaambie kilichokuwa chini ya lile joho. Tausi mwenyewe alikuwa na funza. Miguu ilimwasha usiku na mchana, akajisugua kitini kwa siri, na hakuna aliyejua. Aliyajua maumivu yale vizuri kuliko alivyoyajua mahubiri yake. Na bado aliwaambia waruke. Aibu ikamshika, aibu ya kweli, si ile ya miguu mibaya.

Mpanda ngazi hushuka. Tausi akashuka. Akaligeuza beseni, akaomba maji, akapiga magoti vumbini na joho lake lote. Akaushika mguu wa Tulizo, akauona ulivyo, akalia mbele ya watu. Kisha akautumia mdomo wake mkali kutoa funza, mmoja mmoja, taratibu. Alipomaliza kwa Tulizo akaenda kwa mama, na kwa mwingine, na kwa mwingine. Bata mgongo ukapona ghafla, akaja kuchota maji.

Jua lilikuwa linazama alipomaliza. Akainuka, akajikung'uta, akasema sasa wapendwa wakalale.

"Bado wewe," alisema Mama Kondoo.

Tausi akasema yeye ni mzima, kiongozi hasumbui kundi lake.

"Kutuosha umeweza, kwa sababu bado wewe ndiye mkubwa. Leta mguu."

Jamani, hapo ndipo palipokuwa pagumu. Tausi akashika pindo la joho, akaliachia, akalishika tena. Mwisho akapandisha joho. Miguu ikaonekana, mibaya, imevimba, imejaa funza. Tulizo akachungulia, akasema, "Kumbe yako ni mibaya kuliko yangu." Mtu mmoja akacheka, na Tausi mwenyewe akacheka huku machozi yanamtoka, na Mama Kondoo akachukua mwiba akaanza kazi.

Asubuhi wakahama. Fisi akangoja, akangoja, hakuna anayechechemea. Wa mwisho kabisa kwenye msafara alikuwa Tausi, anamsindikiza Tulizo aliyetangulia mbele yake. Fisi akaona bora huyo kuliko kulala njaa, akaruka, akamkamata mkia. Tausi akakaza miguu ile ile mibaya, akajivuta, akachomoka. Fisi akabaki na mdomo umejaa manyoya, akakohoa hadi jioni.

Ndiyo maana hadi leo tausi hupukutika mkia kila mwaka. Ukimpa pole, hukujibu, "Acha uende. Miguu ninayo."

Basi ninyi mnaovaa majoho, na ninyi mnaoyanyemelea, sikieni. Aliye juu sana huona vichwa tu, na kondoo huumwa miguuni. Mchungaji ni wa kuinama. Na akishainama, akubali naye kuinamiwa, la sivyo ataoza ndani ya joho lake na hakuna atakayejua.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, basi imemfikia mwenyewe.