Jaruba la Kukusanyia Konokono

Fumba macho kidogo, mwanangu, ulione bonde moja la hapo zamani. Majaruba ya mpunga yametapakaa hadi mlimani, na kwenye kila bua yamebandikwa mayai ya rangi ya waridi. Hayo ni mayai ya konokono wageni.

Nkwimba, mjane mwenye jaruba moja, alikuwa amepandikiza miche mara tatu, na mara tatu konokono wakaitafuna.

"Sipandikizi tena kuwalisha hawa!" alisema, akawaita wenzake.

Dawa ilikuwa moja: maji ya bonde zima yateremshwe kwenye jaruba moja, konokono wayafuate, waokotwe humo hadi wa mwisho. Lakini mwenye jaruba hilo hatavuna kitu mwaka huo.

"Tuchukue la Sayi!" akadakia jirani yao Mhoja, shemeji yake Sayi. "Ndiye aliyewaleta kwenye ndoo, eti nyama ya bure. Na hata sahani hakumaliza!"

Watu wakacheka. Sayi hakucheka.

"Niliwaleta, nikawamwaga bwawani kwangu. Wakakaa miaka miwili, nani alilalamika? Korongo waliwala kila asubuhi, wasizidi. Wewe na manati yako, Mhoja, ndiye uliyewafukuza korongo."

"Walikanyaga miche yangu! Niliwafukuza, ndiyo, na konokono wakajaa. Lakini walijaa bwawani, shemeji, si huku. Nani alikata ukingo wa bwawa?"

Wote wakamgeukia Nkwimba. Hakuinamisha kichwa.

"Ni mimi. Jua lilikuwa linaunguza kitalu changu, na watoto wanne wanakitegemea. Maji yalikuja, konokono wakaja nayo. Sikujua."

"Kwani nani alijua?" Sayi akanung'unika.

"Basi sikieni," alisema Nkwimba. "Sayi asingewaleta, wasingekuwapo. Mhoja asingefukuza korongo, wasingezaana hivi. Mimi nisingekata ukingo, wasingetoka bwawani." Akatwaa jembe. "Ila maji yanafunguliwa leo. Nionyesheni pa kuelekeza mfereji. Hata kama ni kwangu, nitachimba."

Watu wakatazamana. Hakuna aliyenyoosha kidole.

Je, wewe ungemwonyesha jaruba la nani? La Sayi, la Mhoja, au la Nkwimba mwenyewe? Jibu bila haraka, na tafadhali kumbuka jambo moja tu: jaruba lolote utakalolitaja, kuna watoto ambao wangekula mpunga wake.