Zimwi na Viazi vya Mfungo

Sogeeni, wanangu, na mwenye kusinzia asikilize humo humo usingizini.

Paliondokea mjane wa Kihindu, Bi Kasturi. Siku moja alipokuwa amefunga, zimwi lilimchukua binti yake, Hansa, likamfungia katika nyumba ya ukungu. Mama akalifuata.

"Onja chakula changu, umchukue," likasema. Hila hiyo! Kila aliyekionja alijisahau, akabaki kulitumikia.

Likaleta wali unaong'aa kama mwezi.

"Nimefunga. Leo sili nafaka."

Likaleta mchuzi ambao harufu yake ilikuwa ikiimba.

"Una kitunguu na thaumu. Leo sili."

Zimwi likaudhika. "Basi unakula nini, we mama?"

"Matunda, maziwa, na viazi vya chumvi ya mawe."

Likacheka, likaleta viazi hivyo hivyo, vikifuka moshi wa buluu.

"Mama, usile!" Hansa akalia ukunguni.

Bi Kasturi, njaa ikimuuma, akachukua kisu. Akakata kiazi, akalisogezea zimwi nusu. "Kwetu aliyefunga hali kabla hajamlisha mwenzake. Karibu."

Tangu lizaliwe, hakuna aliyewahi kuliambia zimwi karibu. Likasahau hila yake, likatafuna. Ukungu ukayeyuka, Hansa akamkimbilia mama yake.

"Mimi ni nani?" zimwi likauliza.

"Mpishi wetu," akajibu Bi Kasturi. "Twende nyumbani."

Mpaka leo linawamenyea viazi, likiuliza, "Bibi, leo kitunguu nisitie?"

Nami nilipita huko, nikakaribishwa kimoja. Tangu hapo, wanangu, jina langu silikumbuki.