Kadi ya Kuomba Radhi

Jambo jema likiahirishwa sana huchacha, mithili ya uji uliofunikwa tangu jana. Mwenye kulichelewesha hakosi sababu, na yeye mwenyewe huwa wa kwanza kuziamini. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mwalimu mmoja mstaafu ambaye majirani walimbandika jina la Bwana Kamusi.

Mwalimu huyo alikuwa akitunga kamusi ya misemo ya Kiingereza kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili. Chumba chake cha kazi kilijaa masanduku ya viatu, na ndani yake zilipangwa kadi. Kila msemo ulikuwa na kadi yake: juu msemo wenyewe, katikati maana zake, chini visawe vyake. Sheria yake ilikuwa moja tu. Kadi isiyokamilika haitoki nje ya chumba, hata anayeitaka awe mpiga chapa mwenyewe.

Siku moja sanduku moja likapotea. Mwalimu alipekua kila pembe mpaka jasho likamtoka, kisha akamgeukia binti yake wa pekee, ambaye asubuhi ile alikuwa amefagia chumba. Sebuleni walikuwapo wageni wawili, walimu wenzake wa zamani. Hakuwajali.

"Kazi yangu ya miaka minne umeitupa jalalani!" alifoka. "Kumbe nilizaa hasara!"

"Baba, sijagusa sanduku lolote. Nimefagia chini tu."

"Nyamaza! Nani mwingine aliyeingia humu?"

 Jioni binti alifungasha nguo zake akaenda kukaa kwa mjomba wake, fundi seremala wa mtaa wa pili.

Siku ya tatu mpiga chapa alimrudishia Mwalimu sanduku lake. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyekuwa amelisahau kule kwenye mitambo, alipokwenda kuonyesha kurasa za mwanzo. Uso ulimwiva kwa aibu.

"Sasa nenda kwa kaka ukamwombe mtoto radhi," mkewe alimwambia.

"Nitakwenda. Lakini siwezi kwenda na maneno ya barabarani. Lazima nipate neno linalotosha."

"Litoshe vipi, mume wangu? Kwani unapima kitambaa? Sema samahani, yaishe!"

Hayakuisha. Mwalimu alichukua kadi mpya, akaandika juu yake msemo ambao kila mtoto wa shule anaujua: I am sorry. Aliona kwamba Mwingereza humwambia hivyo aliyefiwa, aliyekanyagwa mguu na aliyedhulumiwa, ilhali Mswahili ana pole ya huyu na samahani ya yule. Samahani aliiona nyepesi mno kwa kosa lake. Niwie radhi ilinuka barua ya ofisini. Nisamehe ilisikika kama amri. Nakiri kosa ilifaa mahakamani. Kadi ya kwanza ikajaa, akabandika ya pili chini yake. Na tuseme ukweli, hicho kilikuwa kiburi kilichovaa miwani ya usomi. Kujishusha mbele ya mtoto aliyemzaa kulimwia vigumu, na ile kadi ilimpa pa kujificha.

Mwezi ukaisha, ukaja mwingine. Binti alianza kujifunza useremala kwa mjomba. Mama yake alikwenda kumtazama kila Jumapili, naye hakurudi bila habari.

"Leo ameniuliza kama utakuja," alisema mara ya kwanza. Baadaye akasema, "Amekuwa na homa wiki nzima. Kaka ndiye aliyemuuguza." Kisha ikaja Jumapili aliyosema, "Leo hakukuulizia."

Mwalimu alijibu kwamba kadi imebakiza kidogo. Miaka miwili ikakatika hivyo hivyo.

Ndipo mkewe alipomwambia kuwa binti angefunga ndoa Ijumaa, saa nne asubuhi, katika ofisi ya msajili. Mwalimu hakualikwa, ila hakukatazwa. Siku hiyo hiyo kadi ilikamilika, au tuseme aliamua kuwa imekamilika.

Ijumaa alivaa koti lake jeusi akaenda. Alikuta watu wameshakaa. Mezani walikuwapo maharusi, mkewe, na yule seremala katika shati jipya ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani.

"Karibu, mzee," alisema karani. "Wewe ni nani wa maharusi?"

"Baba wa bibi harusi."

Karani alitazama fomu, akamtazama yeye, akatazama tena fomu. "Hapa pa baba au mlezi pameshatiwa saini, mzee."

Binti aliinuka, akamsogelea. "Shikamoo, Mwalimu."

Mwalimu! Hata muuza mkaa humwita hivyo. Aliitikia marahaba kwa shida, akatoa kadi mfukoni na kuisoma. Alisoma visawe vyote kumi na saba, na kila kimoja kilitoka moyoni. Alipomaliza, mkewe alikuwa akilia.

"Ahsante," binti alisema taratibu. "Nilishakusamehe, sina kinyongo. Lakini mwaka ule wa kwanza kila lango lilipolia nilitupa msumeno nikakimbilia dirishani. Ungesema samahani moja tu, hata ukiwa umesimama pale pale langoni, ningekufuata nyumbani bila viatu. Hukuja. Aliyeniita mwanangu kila asubuhi ni huyu hapa."

"Na mimi je?" Mwalimu aliuliza.

"Wewe ni mgeni wetu. Tafadhali kaa, viti vipo."

Seremala, kwa haya, alijaribu kuinuka ampishe shemeji yake kiti. Binti alimshika bega. "Kaa, baba. Tuendelee."

Mwalimu alijikokota hadi benchi la nyuma, akaketi kati ya watu asiowajua. Alijuta, maana neno lile baba lilimtoka binti kwa wepesi wa mazoea, wala hakugeuka kutazama nani amelisikia. Ama kweli, chelewa chelewa utakuta mwana si wako.